Nani Alikesha Kondeni?

Msomaji, vitabu vya historia vimejaa habari za wafalme, misafara, mikataba na mapigano. Humo utasoma nani alimshinda nani, na mji upi ulianguka mwaka gani. Lakini kuna vita vikongwe kuliko hivyo vyote, ambavyo havina sanamu wala sikukuu, na ambavyo babu na bibi zako walivipigana kila msimu bila kukosa. Navyo ni vita vya mkulima na mnyama wa porini juu ya chakula kilichoota kondeni. Punje ya mahindi iliyofika chunguni ilikuwa imeokoka mara nyingi: iliokoka kindi alipofukua mbegu, ikaokoka tumbili, ikaokoka nguruwe mwitu, na mahali pengine ikaokoka ndovu. Wala haikuokoka yenyewe, bali palikuwa na mtu aliyeikeshea.

Mtu huyo alikuwa nani? Na kukesha kwake kuligharimu nini? Maswali hayo ni mepesi kuulizwa, lakini ukiyafuata vizuri yatakupitisha katika sehemu kubwa ya historia ya nchi hii.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha hutunza mambo ambayo karatasi haikuyaandika. Kiswahili kina neno kuamia, maana yake kulinda mazao kwa kufukuza ndege. Kina neno dungu, yaani ulingo ulioinuliwa juu ya nguzo, wenye kipaa kidogo, ambapo mlinzi huketi akaliona konde lote. Kina teo na kombeo, za kuvurumishia mawe. Watu hawajitungii majina ya pekee kwa kazi wasiyoifanya. Na hayo maneno yanatuambia kuwa kulinda shamba ilikuwa kazi yenye vyombo vyake na ujuzi wake, kama vile uvuvi au uhunzi.

Kazi hiyo ilikuwa na majira yake. Siku za kupanda, adui alikuwa kindi, ambaye hufuata mstari wa mbegu kwa pua yake na kuifukua punje moja baada ya moja kabla haijachipua. Mtama, wimbi au mpunga ulipoanza kutia maziwa, walikuja ndege, hasa asubuhi na mapema na tena jioni. Mchana ilikuwa zamu ya tumbili, kima na nyani, ambao hutazama kwanza yupo nani shambani ndipo huamua la kufanya. Usiku walikuja nguruwe mwitu na nungunungu. Kando ya mito, kama Tana, alikuja kiboko. Na penye misitu mikubwa alikuja ndovu. Mkulima aliyelala usingizi mmoja tu katika juma la mwisho kabla ya kuvuna aliweza kuamka akakuta kazi ya miezi minne imekanyagwa.

Basi nani aliketi dunguni? Usiku, aghalabu, walikuwa wanaume, wenye moto, ngoma na mikuki. Mchana walikuwa wanawake na watoto. Kijana wa miaka minane au kumi alipanda dunguni alfajiri na teo lake, akashuka jua lilipokuchwa. Alipiga kelele, alitupa mawe, alivuta kamba zilizofungwa vibuyu na vigae ili vigongane na kuwashtua ndege. Watu wa siku hizo hawakuona kwamba mtoto ananyang'anywa kitu. Hiyo ilikuwa shule yake. Alijifunza sauti ya kila ndege na hila ya kila mnyama. Lakini wewe unayesoma haya darasani unaweza kupima mwenyewe: mwili wake ulikuwa ndio ua wa shamba.

Tena ulinzi huo haukuwa wa mtu mmoja. Mahali pengi makonde yaliungana, na majirani walipanda kwa wakati mmoja. Jambo hilo lilikuwa na hekima kubwa ndani yake. Aliyepanda peke yake mapema aliwakaribisha kindi wote wa kijiji, na aliyechelewa kuvuna aliwabakia ndege wote. Waliopanda pamoja waligawana hasara, na kelele ya dungu moja ilisaidia dungu la pili. Ua wa miiba na handaki vilizunguka makonde ya watu wengi, si la mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee, na shambani methali hiyo ilikuwa kanuni ya kazi kabla ya kuwa mapambo ya mazungumzo.

Hata uchaguzi wa mazao ulitokana na vita hivyo. Muhogo mchungu ulipendwa mahali pengi kwa sababu wanyama wengi huuogopa kuliko ule mtamu. Na mahindi, ambayo yaliletwa Afrika kutoka Amerika baada ya Wareno kufika, yalikuwa na fadhila moja ambayo mtama hauna: punje zake zimevikwa maganda, na ndege mdogo hawezi kuzifikia kwa urahisi. Kadiri mikono ya kuamia ilivyopungua, ndivyo mahindi yalivyozidi kushika nafasi ya mtama. Walakini kila dawa ina dosari yake: hindi lililomshinda ndege lilimfurahisha tumbili.

Usidhani, msomaji, kwamba mpaka wa konde na pori ulisimama mahali pamoja siku zote. Ulisogea kufuata wingi wa watu. Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki ukaua ng'ombe wasiohesabika, pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Kisha, mwishoni mwa karne hiyo, katika miaka ya 1898 na 1899, njaa kuu na ndui vikapiga Ukambani, nchi ya Wakikuyu na sehemu nyingine. Palipokufa watu, madungu yalibaki matupu. Makonde yakageuka vichaka, na vichaka vikawa makao ya wanyama. Wageni kutoka Ulaya waliokuja kupima nchi wakati huo waliona mapori mapana, wakadhani yamekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Kumbe baadhi yake yalikuwa mashamba yaliyopoteza walinzi wao.

Katika mwezi wa Mei mwaka 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London yakatia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama wa porini. Mkataba huo haukuthibitishwa na mataifa yote, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni. Uliwapanga wanyama kwa madaraja. Wengine walipewa ulinzi. Wengine, kama simba, chui, fisi, nyani na mamba, waliandikwa kuwa waharibifu wa kupunguzwa. Hakuna Mwafrika aliyeketi katika mkutano ule. Hakuna mtu aliyepata kukesha dunguni aliyeulizwa ni mnyama gani humla mtama wake na ni yupi humwachia.

Sheria zilizofuata zilitaka leseni kwa mwenye kuwinda, nayo ilikuwa mbali na uwezo wa mkulima wa kawaida. Mkamba aliyerithi upinde wa babake aliweza kuitwa jangili katika nchi aliyozaliwa. Mnyama sasa alikuwa na mwenyewe, naye ni serikali; lakini shamba alilolila lilikuwa la mkulima. Akija ndovu usiku, mkulima alitakiwa kupeleka habari na kungoja mwindaji wa serikali, na ndovu hangoji.

Mara nyingine serikali hiyo hiyo ilikwenda upande wa pili kwa ghafula. Kati ya mwaka 1944 na 1946 ilitaka kufungua nchi ya Makueni ili Wakamba wapate mahali pa kulima. Nchi ilikuwa na mbung'o na vifaru wengi. Mwindaji J. A. Hunter alipewa kazi ya kuwaondoa vifaru hao, akawaua karibu 1,000. Fikiria hesabu hiyo, kisha iweke kando ya nyingine: kufikia mwisho wa miaka ya 1980, vifaru weusi katika Kenya nzima walikuwa wamebaki mia chache tu. Utaona basi kwamba katika muda wa maisha ya mtu mmoja nchi hii ilijaribu njia mbili zilizopingana, kumkataza mkulima asiguse mnyama, na kumfagia mnyama kwa bunduki. Wala njia hizo mbili hazikumwuliza mlinzi wa dungu neno lolote.

Mwaka 1946 ilifunguliwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na mwaka 1948 ile ya Tsavo, kubwa kuliko zote. Mipaka yake ilichorwa kwenye ramani, na ndovu hasomi ramani. Baada ya uhuru, Kenya huru iliirithi mipaka hiyo, na pamoja nayo ugomvi wake. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji. Ilikuwa na sababu nzito. Katika mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki kiasi cha 16,000, kwa sababu ya wauaji wa pembe. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280. Mtu anayependa nchi yake hawezi kuichukia habari hiyo njema. Lakini yule ambaye mahindi yake yamo njiani mwa ndovu hao anastahili kuulizwa habari hiyo imemgharimu nini.

Sheria ilijaribu kumjibu kwa fidia. Sheria ya mwaka 1976 iliruhusu mkulima alipwe kwa mazao yaliyoharibiwa. Mabadiliko ya mwaka 1989 yakaiondoa fidia ya mazao, ikabaki ya kifo na majeraha tu. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ikairudisha. Hilo ni jambo la haki, ingawa wakulima wengi walingoja malipo yao kwa miaka. Walakini fidia, hata ikilipwa upesi, huja baada ya njaa kuingia nyumbani. Ni dawa ya jeraha, wala si ngao.

Sasa sikiliza jambo linalokuhusu wewe mwenyewe. Januari mwaka 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo katika shule za umma za Kenya, na watoto kwa mamia ya maelfu wakaingia madarasani. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka warudishwe dunguni. Lakini tumbili hawakuacha kula kwa kuwa mtoto yuko shuleni. Kazi ile haikwisha, ilihama. Ilimwangukia mama, ambaye ana kuni za kutafuta, maji ya kuteka na mtoto wa mgongoni. Ilimwangukia babu, ambaye miguu yake haiwezi tena kumkimbiza nyani. Na mahali ambapo hao nao wameshindwa, ilimrudia mtoto, akakosa shule katika wiki za mavuno. Ukipata kuona dawati tupu katika mwezi mahindi yanapokomaa, usikimbilie kusema mwenzako ni mvivu. Labda yeye ndiye ua wa shamba lao.

Ndiyo sababu njia mpya za kulinda mazao si habari ya ufundi peke yake. Ni habari ya kumpunguzia mtu mzigo wa kukesha. Nitakutajia tatu, ili uzipime.

Ya kwanza ni uzio wa umeme. Katika Milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare, ujenzi wa uzio ulianza mwaka 1989 kwa nia ya kuwalinda vifaru. Baadaye ikaonekana kwamba uzio ule ule unamlinda mkulima na ndovu, na pia unaulinda msitu na shoka. Ukaendelezwa mpaka ukauzunguka mlima wote. Ulikamilika mwaka 2009, urefu wake karibu kilomita 400. Ni kazi kubwa ya kusifiwa. Lakini uzio si ukuta wa jiwe: mti ukiuangukia, waya hukatika, majani yakiugusa, umeme hupungua, na mtu akiiba waya, mlango umefunguliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na uzio ni ufa unaohitaji kuzibwa kila siku, na watu wanaouona kuwa ni wao.

Ya pili ni sumu, na hiyo hutumiwa kwa ndege. Kwelea ni ndege mdogo asiyefika uzito wa gramu 30, lakini hutembea katika makundi yanayoweza kufika mamilioni, na uzio haumhusu. Ndege mmoja huweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe: kundi la ndege 1,000,000 litakula tani 10 kabla jua halijatua. Mapema mwaka 2023 kwelea waliingia katika mashamba ya mpunga ya Kaunti ya Kisumu, wakaharibu mamia ya ekari, na serikali ikawanyunyizia sumu iitwayo fenthioni. Sumu hiyo huua kwelea wengi kwa mara moja. Lakini haichagui: mwewe au bundi akimla ndege aliyekufa kwa sumu naye hudhurika, na mwewe na bundi ni walinzi wa bure wa mkulima, kwa maana wao ndio wanaokula panya na ndege hao hao. Kwa hiyo, katika mashamba ya mpunga ya Mwea na ya Kisumu, hadi leo utakuta watu waliokodiwa kufukuza ndege kwa kelele, kwa kombeo na kwa matope. Dungu halijafa, limekuwa kibarua.

Ya tatu inatoka kwa mdudu ambaye wazee walimfahamu sana. Mwaka 2002 wataalamu Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha utafiti kutoka Laikipia, ulioonyesha kwamba ndovu huepuka miti yenye mizinga ya nyuki. Mnyama huyo mkubwa anaogopa kuumwa kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Mtafiti Lucy King akaendeleza jambo hilo, na tangu mwaka 2008 uzio wa mizinga ukaanza kujaribiwa katika mashamba ya Kenya. Namna yake ni hii: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita 10 hivi, na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya gizani, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu hugeuka mbio.

Huko Sagalla, karibu na Voi, kando ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, uzio huo ulifuatiliwa kwa miaka 9. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba, katika misimu ya mazao mengi, zaidi ya ndovu 8 katika kila 10 waliokaribia mashamba hayo walizuiwa. Zaidi ya hayo mkulima hupata asali ya kuuza. Lakini ukweli husemwa wote: ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki wengi, mizinga ikabaki mitupu, na mzinga mtupu haumtishi ndovu. Tena nyuki hamzuii kindi wala tumbili. Hakuna dawa moja ya wadudu, ndege na wanyama wote.

Ukizitazama njia hizo tatu pamoja na lile dungu la zamani, utaona jambo moja linalozipitia zote. Uzio hudumu pale majirani wanapoutunza wote. Mizinga hufaa zaidi pale mashamba yanapoungana, kwa kuwa shamba moja lenye nyuki humsukuma ndovu aingie kwa jirani asiye nao. Kufukuza ndege hufaulu pale watu wanapopanda na kuvuna wakati mmoja. Hata kindi, mdogo kuliko wote, hawezi kumaliza mbegu za kijiji kizima kilichopanda katika juma moja. Lakini anaweza kummaliza mjane aliyepanda peke yake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na katika vita hivi nyasi ni mtu aliyeachwa alinde peke yake.

Kwa hiyo kosa la sheria nyingi nilizokueleza halikuwa kuwapenda wanyama, wala halikuwa kuwachukia. Kosa lilikuwa kuigeuza kazi ya jamii nzima kuwa msiba wa mtu mmoja. Serikali ilimchukua mnyama, taifa likachukua fahari yake, watalii wakachukua picha yake, na mkulima wa mpakani akaachiwa usiku. Haki haitaki ndovu afe. Inataka usiku huo ugawanywe: kwa uzio unaotunzwa, kwa mizinga inayokopeshwa, kwa fidia inayofika kabla ya njaa, na kwa jirani anayeitika aitwapo.

Nakupa kazi moja, msomaji, ambayo haimo katika mtihani. Utakaporudi nyumbani wakati wa likizo, mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu dungu la shamba lao lilisimama wapi, nani alikuwa akiketi humo, na wanyama gani walikuja saa gani. Andika majibu yake kwa uangalifu, pamoja na majina ya vyombo na ya wanyama kama anavyoyataja katika lugha yenu. Utakuwa umeandika ukurasa wa historia ambao hakuna gavana wala jemadari aliyeuandika. Kisha angalia shamba la leo, uulize nani analikeshea sasa. Ukilijua jina lake, utajua pia ni nani wa kumsaidia kwanza.